Nimeandika sura ya kwanza mara 11

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 34, na kwa kazi ni karani wa hesabu. Ninaandika tangu nikiwa na miaka 14, ila ukiniuliza nimeandika nini, sina cha kukuonyesha. Madaftari ninayo, tena mengi. Ndani yake kuna mianzo mitupu.

Kwa miaka sita sasa nina riwaya moja kichwani. Inamhusu mjane ambaye simu ya marehemu mumewe inaendelea kuita baada ya mazishi, naye hathubutu kuipokea wala kuizima. Hadithi yote ninaiona mpaka mwisho. Lakini kila nikikaa kuandika, naanza kwa kusoma sura ya kwanza, naona haifai, naifuta, naiandika upya. Juzi nilihesabu: sura ya kwanza nimeiandika mara 11. Ya pili nimeifikia mara mbili. Ya tatu sijawahi kuiona.

Nilipokuwa shuleni, mwalimu mmoja aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Nilidhani ananisifu. Kumbe alikuwa akitoa mfano wa mtu anayerundika mapambo asiyoyahitaji. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao ili yaishe. Hayakuisha. Hadi leo nikiandika sentensi ninayoipenda, nakisikia kicheko kile.

Nimetafuta wa kunisomea. Kaka yangu aliniuliza, "Na hii italeta hela lini?" Rafiki yangu mpenzi alisoma kurasa kumi akaniambia, "Nzuri sana, endelea." Nilipomuuliza mjane anaitwa nani, hakukumbuka. Kazini hajui mtu. Mume wangu ananiona nikiandika, ila anadhani ni shajara.

Sasa amejitokeza bwana mmoja anayejiita kocha wa waandishi. Anasema nina kipaji kikubwa, ingawa kurasa zangu hajaziona. Nikimlipa ada ataniongoza miezi mitatu, kisha kitabu kitatolewa na kampuni yake, gharama za kuchapa zikiwa juu yangu. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Moyo wangu nusu unataka kukubali. Simwamini sana, lakini ni mtu wa kwanza kuniita mwandishi.

Nitajuaje kama nina kipaji au ninajidanganya? Nani aniongoze? Na je, sijachelewa? Nimeambatisha kurasa mbili za mwanzo, toleo la 11. Ukizisoma ukaona hamna kitu, niambie tu. Nitashukuru, nitapumzika.

Ni mimi,
Mwandishi wa Sura ya Kwanza

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kurasa zako nimezisoma, kisha nikazisoma tena nikiwa na kalamu mkononi. Nianze nazo, maana zimenijibia karibu kila ulichouliza.

Ukurasa wa kwanza wote ni asubuhi. Jua linachomoza "kwa madaha", umande unameta "mithili ya lulu", ndege wanashindana kuimba, upepo unabembeleza mapazia. Mtu hayupo. Anatokea juu ya ukurasa wa pili, anakunja mashati ya mumewe, anakumbuka siku ya arusi. Halafu, mstari wa nne kutoka chini, umeandika hivi: "Simu ya marehemu ilikuwa na chaji, kwa sababu kila usiku aliichomeka kwenye umeme."

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Sentensi hiyo haina tamathali hata moja. Neno huzuni halimo, na hakuna aliyetoa chozi. Lakini mwanamke anayechaji simu ya mtu aliyekwisha kuzikwa, tena kila usiku, nimekwisha kumjua. Najua anaogopa nini na anatamani nini, na najua kwamba nikimuuliza atakana. Sasa tazama ulikoiweka sentensi yenyewe: mwisho wa ukurasa wa pili, imefunikwa na umande.

Hadithi yako inaanzia hapo. Ndiyo maana sura ya kwanza imekushinda mara 11. Umekuwa ukirekebisha ukurasa ambao hadithi haiuhitaji, na ukurasa wa namna hiyo haurekebishiki hata ukipewa miaka mingine sita.

Nadhani pia najua jua lile lilikotoka. Ni jua la insha za shule, lililochomoza kwa madaha katika madaftari yetu sote. Yule mwalimu alikukosea. Kosa la mtoto huonyeshwa pembeni, na darasa si mahali pa kumvua mtu nguo. Lakini nisipokuambia hili nitakuwa kama rafiki yako wa "nzuri sana": mapambo aliyoyacheka bado unayo. Kicheko kilikutia hofu ya kuandika, umande hakikuuondoa. Kwa sababu mtu anayeandika kwa hofu hukimbilia maneno aliyoona wengine wakisifiwa nayo, akijua hayo angalau hayatachekwa. Ulipomfikia mjane na simu yake ulisahau kwamba kuna anayekutazama, na papo hapo ukaandika vizuri.

Kwa hiyo kile unachodhani unakikosa, yaani kujiamini, mimi nakiona katika mstari mmoja wa kurasa zako, nacho hakikuja kwa kusifiwa na mtu. Kilikuja kwa sababu ulikuwa unamtazama mjane kuliko ulivyojitazama mwenyewe.

Kuhusu kipaji, swali lako sitalijibu kama ulivyoliuliza. Nimehariri miswada kwa miaka mingi. Nimewaona wenye sentensi za kung'aa ambao hawakuwahi kufika ukurasa wa 50, na nimewaona wengine ambao mswada wao wa kwanza nilisinzia nao, wa nne ukaninyima usingizi. Kipaji kipo, sikatai, ila hakionekani kwenye mianzo. Mwanzo wa hadithi huwezi hata kuupima mpaka uwe na mwisho, maana kazi ya mwanzo ni kuuandaa mwisho huo. Waandishi wengi huiandika sura ya kwanza upya baada ya kumaliza yote, wakishajua kitabu chao kinahusu nini. Wewe umekuwa ukitaka kujua hilo kabla.

Basi riwaya iweke kando kwa wiki mbili. Usiitupe, iweke tu. Chukua kipande kimoja cha hadithi hiyo, usiku mmoja, tangu simu inapoanza kuita mpaka mjane aipokee au aamue kutoipokea, ukiandike kama hadithi fupi ya maneno 3,000. Kila kikao maneno 300, ambayo ni kama ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kwa nafasi mbili kati ya mistari. Vikao kumi, umemaliza. Hutakuwa umeandika kazi kubwa, lakini utakuwa umeandika neno la mwisho la hadithi kwa mara ya kwanza tangu uwe na miaka 14. Mwili unahitaji kujua hilo linavyohisiwa.

Ukikaa kwenye kikao cha pili, marufuku kusoma cha kwanza. Soma mistari mitatu ya mwisho tu, ujue ulipoachia, uendelee. Ukigundua mjane angefaa kuwa na binti, andika pembeni "ana binti" na uendelee kama vile binti alikuwapo tangu mwanzo. Ukikwama kwenye neno, acha mabano matupu upite. Na siku ambayo maandishi yanatiririka, simama kabla hujachoka, katikati ya tukio unalolijua linakokwenda. Kesho yake hutakodolea macho karatasi tupu.

Baada ya hapo rudi kwenye riwaya kwa mwendo uleule. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 1,500. Riwaya ya maneno 60,000 inakamilika kwa wiki 40. Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo naamini namba hizi zitakuliwaza kuliko mashairi yangu.

Wapo watakaokuambia sanaa haipimwi kwa saa. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta. Alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Akaacha riwaya 47. Mwenyewe alieleza utaratibu huo katika tawasifu iliyotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na baadhi ya wasomaji waliudhika na sifa yake ikashuka. Watu hupenda kuamini kwamba vitabu hushushwa kama ufunuo. Sikuambii umuige. Mimi nilijaribu, nikadumu siku nne.

Kile kicheko nacho usihangaike kukifukuza, hakitatoka. Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na barua ya mistari miwili: kwamba mhusika mkuu haaminiki, na kwamba Kiswahili changu kinajisikia. Niliufungia kabatini miaka saba kwa hasira. Nilipoutoa, nikakuta la mhusika halikuwa kweli. La kujisikia lilikuwa kweli tupu, na lau ningelikubali mapema ningeokoa muda mwingi. Nilichojifunza ni kukipangia kicheko zamu. Rasimu ya kwanza hakiruhusiwi chumbani. Rasimu ya pili nakiita mwenyewe: nasoma kwa sauti, na kila ninapoona haya ninapoyatamka maneno yangu, napiga mstari. Mara nyingi pale ninapoona haya ndipo nilipopamba.

Sasa nani akuongoze. Unatafuta mtu mmoja, na hapo unajitafutia kukata tamaa, kwa sababu kazi hiyo ni ya watu kadhaa na kila mmoja ana wakati wake. Rafiki yako usimlaumu. Ulimpa kurasa kumi na hukumwambia unataka nini, naye akakupa alichofikiri unakitaka. Safari nyingine tafuta mtu anayesoma hadithi kwa hiari yake. Mapenzi yake kwako si ya lazima hapa. Mpe kazi iliyokamilika, na usimuulize kama ni nzuri. Muulize aliweka kurasa chini wapi akaenda kufanya jambo jingine. Muulize anadhani nani anapiga ile simu, na alianza kudhani hivyo ukurasa wa ngapi. Muulize ni mtu gani katika hadithi asingetaka kukaa naye. Majibu ya maswali hayo hayawezi kuwa "nzuri sana". Akikuonyesha mahali alipochoka, mwamini hata kama hukubaliani naye. Akianza kukuelekeza namna ya kuandika upya, msikilize kwa adabu tu. Mgonjwa anajua panapouma, lakini dawa haandiki yeye.

Ukipata wawili au watatu wanaoandika pia, mkabadilishana kazi mara moja kwa mwezi, hapo utakuwa umepata shule. Utajifunza zaidi kwenye kurasa za wenzako kuliko kwenye zako, maana kosa la mwenzio huliona mara moja, kisha usiku, kitandani, unakumbuka kwamba na wewe unalo.

Na vitabu unavyovipenda. Fundi seremala akiona kiti kizuri hukigeuza miguu juu aone viungo vilivyopachikwa. Chukua riwaya moja iliyokugusa, usiisome kwa raha safari hii. Hesabu ni mistari mingapi kabla mtu hajatamka neno. Angalia sura zinakatikia wapi: baada ya tukio, au katikati yake? Nakili ukurasa mmoja kwa mkono, neno kwa neno, mkono wako uhisi urefu wa sentensi za mwenzio. Nakala hiyo itupe, usije ukaidhania yako. Mwongozo huu ni wa bure, na mwandishi wa kitabu hicho hatakudai jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo namgeukia yule bwana. Amekusifu kabla ya kukusoma. Daktari akikuandikia dawa kabla hujakaa, ungeinuka ukaondoka. Lakini tuseme ana nia njema. Bado kuna jambo la kuelewa kuhusu njia ya fedha. Mchapishaji wa kawaida anakisia kwamba kitabu chako kitauzika, hivyo gharama za kuhariri, kusanifu na kuchapa ni zake, nawe anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, ambao kwa kitabu cha karatasi mara nyingi huzunguka asilimia 10, ingawa hutofautiana kwa mkataba. Yeye hupata hasara kitabu kisipouzwa, kwa hiyo ana sababu ya kukataa mswada mbovu. Anayelipwa na mwandishi amekwisha kupata faida siku uliyolipa, na hana sababu ya kukukatalia chochote. "Una kipaji kikubwa" kutoka kwake haina uzito wowote.

Kujichapishia si aibu wala si kosa, waandishi wengi wazuri wamefanya hivyo. Ila ukijichapishia, mchapishaji ni wewe: unamchagua mhariri, unalinganisha bei za wapiga chapa, ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, inaandikwa kwa jina lako, haki zote zinabaki kwako, na nakala zisipouzika zinalala chini ya kitanda chako. Wasiwasi wangu ni mtu anayekuuzia huduma ya kuchapa huku akiiita bahati. Kama bado anakuvutia, mwombe kwa maandishi majina ya vitabu alivyoviongoza ili uvisome, na umuulize haki zitakuwa za nani mkataba ukiisha. Ukiona neno "milele" karibu na neno "haki", funga. Asipojibu kwa sababu unamchelewesha, amejibu.

Na usiogope kumpa mtu mswada kwa hofu ya kuibiwa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi za dunia zimejiunga nao, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, bila kusajili popote. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe. Wazo la mjane na simu, mtu mwingine anaweza kuliandika kesho kwa njia yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoketi juu ya sura ya kwanza.

La kuchelewa nalipita haraka. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1970 akiwa na miaka 39, akifanya kazi ya uhariri huku analea watoto wawili. Una miaka mitano mkononi, na kama nilivyosema, unahitaji wiki 40.

Kuna sentensi ya barua yako iliyoniuma: kwamba yeye ndiye wa kwanza kukuita mwandishi. Basi awe wa pili. Nakuita mimi, bila ada, kwa sababu ya mstari wa nne kutoka chini.

Mumeo mwambie. Huna haja ya kumsomea, wala usimwombe maoni. Mwambie tu si shajara, ni hadithi, na kwamba unahitaji nusu saa mlango ukiwa umefungwa. Nimeona watu wakiiba muda wa kuandika ndani ya nyumba zao wenyewe kana kwamba wana mchepuko, na maandishi ya kuibia huwa mafupi na yenye jasho. Akiuliza inahusu nini, hapo utaamua kama unataka kumwambia mumeo kwamba unaandika kuhusu mume aliyekufa. Mimi ningesubiri.

Ukishamaliza yale maneno 3,000, nitumie. Usinitumie sura ya kwanza, hiyo nimeiona. Nataka kujua nani alikuwa anapiga simu.